Mwanagofu wa Kulipwa na Lugha Iliyobaki Nje ya Ua

Mwezi Februari mwaka 2024 nilikuwa nyumbani Siakago, katika nchi ya Wambeere, kaunti ya Embu. Jumapili moja alasiri niliketi katika hoteli ndogo ya chai pale sokoni pamoja na wazee waliokuwa wakipumzika baada ya ibada. Runinga iliyotundikwa ukutani ilikuwa ikionyesha siku ya mwisho ya mashindano ya gofu ya Kenya Open kutoka uwanja wa Muthaiga jijini Nairobi. Mtangazaji alizungumza Kiingereza, tena cha kunong'ona, kana kwamba yuko matangani. Hakuna aliyemsikiliza. Hatimaye mzee mmoja akatua kikombe chake, akauliza: "Hivi hawa watu wanatafuta nini nyikani?"

Tukacheka sote. Kijana mmoja aliyeketi karibu na mlango hakucheka. Alijibu kwa adabu: "Mzee, hawatafuti kitu. Wanahesabu."

Kisha akaeleza. Alisema mchezo ule ni kama gololi tulizocheza vumbini utotoni, zile tulizoziita bano. Kuna shimo, kuna mpira, na mshindi ni yule anayeufikisha mpira shimoni kwa kuupiga mara chache kuliko wenzake. Mashimo ni 18 kwa siku, na siku ni nne, jumla mashimo 72. Kila shimo limewekewa hesabu yake: hili mikwaju mitatu, lile minne, lile mitano. "Huyu alipewa minne, ametumia mitatu, ameweka akiba mmoja," alisema. "Yule ametumia mitano, ana deni la mmoja." Haikupita nusu saa kabla ya wazee kuanza kubishana kuhusu akiba na madeni ya wachezaji wasiowajua hata kwa majina. Darius van Driel wa Uholanzi alipotangazwa mshindi jioni ile, hoteli nzima ilijua ni kwa nini ameshinda.

Nilitoka pale nikiwa na furaha na aibu kwa pamoja. Furaha, kwa sababu nilikuwa nimeshuhudia Kiswahili kikifanya kazi ambayo runinga ilishindwa kuifanya. Aibu, kwa sababu mimi ndiye mwanafunzi wa Kiswahili wa chuo kikuu, na kazi ile ilifanywa na mtu aliyeishia kidato cha nne. Yule kijana alikuwa amebeba mifuko ya gofu jijini Nairobi kwa miaka tisa. Alikuwa kedi.

Hoja ya makala haya ni moja. Kazi ya mwanagofu wa kulipwa nchini Kenya kwa kiasi kikubwa huzungumzwa kwa Kiswahili, lakini huandikwa kwa Kiingereza. Mafunzo ya kedi kwa kedi, ushauri unaotolewa kando ya shimo, mizaha na majonzi ya uwanjani, yote hayo aghalabu ni Kiswahili. Kanuni, fomu, vyeti na habari za magazetini kwa sehemu kubwa ni Kiingereza. Pengo hilo si la mapambo tu. Linaamua ni nani atakayepanda kutoka kubeba mfuko hadi kuushika mwenyewe, na sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuna sehemu yetu ya lawama.

Yafaa kwanza tuielewe kazi yenyewe. Mwanasoka huajiriwa na klabu, akapata mshahara hata katika juma alilocheza vibaya. Mwanagofu wa kulipwa hana mwajiri. Hujigharamia nauli, malazi na ujira wa kedi, au humtafuta mfadhili wa kumgharamia. Hucheza raundi mbili, yaani mashimo 36, kisha mchujo hufanywa. Katika mashindano ya Ziara ya Ulaya, kwa kawaida wachezaji 65 bora pamoja na waliofungana nao ndio husonga mbele hadi raundi mbili za mwisho. Wengine hurejea makwao mikono mitupu, hata kama wamekosa kwa mkwaju mmoja tu. Hii ni kazi ambayo mtu anaweza kuifanya kwa siku mbili, kwa ustadi mkubwa, na asilipwe hata senti.

Mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967, mwaka uleule ambao Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, liliundwa nchini Tanzania. Tangu wakati huo, orodha ya washindi wake imepambwa na majina makubwa. Mwaka 1978 alishinda Seve Ballesteros wa Uhispania. Mwaka 1986 alishinda Ian Woosnam wa Wales. Mwaka 2000 alishinda Trevor Immelman wa Afrika Kusini. Wote watatu waliendelea hadi wakashinda mashindano ya Masters kule Augusta, Marekani: Ballesteros mwaka 1980 na 1983, Woosnam mwaka 1991, na Immelman mwaka 2008. Mwaka 2019 mashindano yetu yalipandishwa hadhi na kuingizwa katika Ziara ya Ulaya yenyewe, zawadi zikawa euro 1,100,000. Nairobi basi imekuwa daraja la wengi. Hata hivyo, hakuna Mkenya aliyewahi kulitwaa kombe hilo.

Je, ni kwa nini? Sitaki kumdanganya msomaji kwamba jibu lote limo katika lugha. Gofu ililetwa na walowezi, na klabu zake zilijengwa kwa ajili yao. Klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, ikapewa jina hilo la kifalme mwaka 1935. Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa nyuma, akiwa amebeba mfuko wa mtu mwingine. Fimbo ni ghali, uanachama ni ghali, na uwanja wa mashimo 18 unahitaji ardhi na maji ambayo mkulima wa Siakago angeyatamani kwa ndengu na mbuzi wake. Hayo ni kweli. Lakini mlango ule wa nyuma ndio uliowatoa baadhi ya wachezaji wetu bora. Dismas Indiza, mmoja wa wanagofu wa kulipwa waliodumu sana nchini, alianza kwa kubeba mifuko katika uwanja wa Mumias.

Wala si Kenya pekee. Ballesteros mwenyewe alikuwa kedi katika kijiji cha Pedreña, akajifunza kupiga mpira ufuoni kwa fimbo moja aliyopewa na kakake. Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana kama Papwa, alikuwa kedi mjini Durban. Alishika fimbo kwa namna iliyo kinyume na mafunzo yote, na bado akashinda mashindano ya Uholanzi mwaka 1959, 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda mashindano ya Natal katika mji wake, akakabidhiwa kombe nje kwenye mvua, kwa kuwa sheria za ubaguzi wa rangi hazikumruhusu kuingia ndani ya jengo la klabu. Historia ya gofu imejaa makedi waliopanda. Kwa hivyo, anayeuliza mwanagofu wa Kenya atatoka wapi hana budi kuanza kwa kumtazama kedi.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Hebu tulichunguze neno hilo kedi. Ukimwuliza mtu asiyeujua mchezo, atakwambia kedi ni mbeba mfuko. Fasiri hiyo inapotosha. Kwa mujibu wa kanuni za gofu, mchezaji akiwa katika raundi haruhusiwi kumwomba ushauri mtu yeyote isipokuwa kedi wake, au mwenzake ikiwa wanacheza kwa ushirika. Hawezi kumwuliza mpinzani atumie fimbo gani, wala mkufunzi wake aliyesimama miongoni mwa watazamaji. Kedi basi ni mshauri pekee anayetambuliwa na sheria. Yeye ndiye anayejua kwamba katika mwinuko wa Nairobi, ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mpira huruka mbali kuliko unavyoruka pwani. Yeye ndiye anayeusoma mteremko ambao mgeni hauoni. Tukimwita mbebaji, tumemwondolea nusu ya kazi yake kwa neno moja. Na anayejiita mbebaji kwa miaka tisa huenda akaamini kwamba hicho ndicho kimo chake.

Narejea kwa yule kijana wa Siakago. Siku mbili baadaye tulikaa pamoja chini ya mti, nikamwuliza kwa nini alirudi nyumbani. Alinieleza kwamba makedi waliruhusiwa kucheza Jumatatu, siku ambayo wanachama hawapo, na kwamba Jumatatu hizo zilimpa mkono mzuri. Wenzake walimhimiza aingie katika mashindano, apate kipimo rasmi cha uwezo wake, na hatimaye aombe kuwa mchezaji wa kulipwa. Aliingia kwenye mashindano madogo, akacheza vyema siku ya kwanza. Mpira wake ukaangukia penye maji ya mvua yaliyotuama. Alijua mtu huruhusiwa kufanya jambo fulani hapo. Hakujua ni jambo gani hasa. Aliogopa kuuliza, akaupiga mpira kutoka majini, akapoteza mikwaju mitatu na heshima yake. Jioni alionyeshwa kitabu cha kanuni. Neno lililotumiwa mahali pale lilikuwa lile ambalo sisi hulitamka rilifu.

"Ndugu yangu," aliniambia, "kwetu hapa rilifu ni gunia la mahindi."

Msomaji aliyekulia sehemu zetu kavu ataelewa uchungu wa maneno hayo. Mvua inapokosekana, rilifu ni chakula cha msaada ambacho chifu hutuita kukipokea, tukapanga foleni. Huko kwenye gofu ni haki ya mchezaji kuuondoa mpira mahali pabaya na kuudondosha pengine bila adhabu. Kwa mmoja ni sadaka, kwa mwingine ni haki. Akaniuliza: "Wewe unasomea Kiswahili. Hili kwa Kiswahili ni nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma mofolojia, historia ya lahaja na nadharia za uundaji wa istilahi, lakini sikuwa na jibu.

Yule kijana hakulaumu lugha peke yake. Alitaja fedha, fimbo alizoazima, na mama aliyekuwa mgonjwa. Lakini alisema jambo ambalo nimelikumbuka tangu siku hiyo: "Shida yangu haikuwa mkono." Gofu ni mchezo wa kusoma na kuandika. Mchezaji huhesabiwa mikwaju yake kwenye kadi, naye huitia sahihi. Mwaka 1968, katika Masters, Roberto De Vicenzo wa Argentina alitumia mikwaju mitatu katika shimo la 17, lakini kadi yake iliandikwa minne. Aliitia sahihi bila kuona kosa hilo. Sheria ikasema alichotia sahihi ndicho kitakachohesabiwa, naye akakosa kwa mkwaju mmoja nafasi ya kurudiana na Bob Goalby, aliyetawazwa bingwa. Kosa lile halikutokana na ugeni wa lugha. Hata hivyo linatufundisha kwamba katika kazi hii kalamu inaweza kukupokonya kilicholetwa na mkono. Ikiwa bingwa wa kimo kile aliponzwa na kadi, tutarajie nini kwa kijana anayelazimika kujifunza kanuni zake zote katika lugha anayoisoma kwa kubahatisha?

Kuna watakaonipinga. Wa kwanza watasema gofu ni mchezo wa matajiri, na kwamba msomi wa Kiswahili ana mambo mazito zaidi ya kushughulikia. Nawajibu kwamba makedi si matajiri. Wao ni wafanyakazi, na aghalabu lugha yao kazini ni hii tunayoisomea. Tukiuacha mchezo kwa sababu wenye klabu ni matajiri, tunawaacha pia maskini walio ndani yake.

Wa pili watasema istilahi za Kiingereza zinatosha, kwa kuwa mchezo wenyewe ni wa Waingereza. Hao nawakumbusha kandanda. Mchezo huo nao ulitoka huko, lakini leo mtoto wa Siakago anajua kona, penalti, mlinda lango na mshambulizi. Tazameni neno kuotea. Lilikuwa la mwindaji anayejificha akimvizia mnyama. Watangazaji wakalichukua na kumpa mchezaji anayesimama nyuma ya walinzi akingoja pasi. Halikuhitaji maelezo, kwa sababu picha yake tayari ilikuwa akilini mwa msikilizaji. Kilichowezekana kwa kandanda kinawezekana kwa gofu.

Wa tatu, na hawa ndio ninaowaheshimu zaidi, watasema Kiswahili cha gofu tayari kipo. Ni kweli, kipo. Magazeti ya Kiswahili ya Kenya na Tanzania huandika mwanagofu, mikwaju, mashimo, gofu ya ridhaa na gofu ya kulipwa. Hayo ni maneno mazuri. Lakini yanatosha kuandika habari ya nani ameshinda, hayatoshi kumfundisha mtu kucheza wala kumtetea mbele ya mwamuzi. Kati ya neno mkwaju na neno shimo kuna kanuni nzima ambazo bado hazijapata makao ya kudumu katika lugha yetu.

Jambo moja hunishangaza kila nilifikiriapo. Nyasi zilizotandaa katika viwanja vingi vya nyanda zetu za juu huitwa kikuyu, kwa jina la watu wa nchi hii. Nyasi hizo zimepelekwa Afrika Kusini, Australia na hadi California, ambako zimeota katika uwanja mashuhuri wa Riviera. Mchezaji wa Marekani hulitamka neno hilo anapolalamika kwamba nyasi zimeishika fimbo yake. Nchi yetu imeipa gofu ya dunia neno, na wanagofu wetu wenyewe bado wanasubiri maneno yao.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, chama chetu kikusanye istilahi za gofu kutoka kwa makedi wenyewe. Tuache desturi ya kutunga maneno mezani na kuwashangaa watu wanapoyakataa. Jumatatu moja kila mwezi, wanafunzi wawili au watatu waende kwenye viwanja vilivyo karibu na vyuo vyao, wasikilize, waandike. Nina hakika makedi wana majina ya mambo mengi tunayodhani hayana majina.

Pili, palipo na pengo, tujazie kwa maneno yanayoeleweka. Kwa hesabu iliyowekewa shimo, napendekeza neno kadiri: mchezaji yuko chini ya kadiri au juu ya kadiri. Kwa ile rilifu, napendekeza nafuu. Mgonjwa hupata nafuu, mdeni hupata nafuu, na mwanagofu ambaye mpira wake umelala majini hupata nafuu. Walimu wetu wakiona kuna maneno bora zaidi, nitafurahi kusahihishwa.

Tatu, orodha itakayopatikana tuiwasilishe kwa Chama cha Kiswahili cha Taifa, CHAKITA, na kwa wasimamizi wa mchezo, pamoja na tafsiri ya kanuni zenyewe. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sioni sababu ya lugha rasmi ya nchi kukosekana kwenye kadi na fomu za kazi inayofanywa na raia wake.

Nimalize kwa kumrejelea tena kijana wetu. Kabla sijarudi chuoni nilijaribu kumtafsiria kanuni inayohusu maji yaliyotuama, nikaiandika kwenye ukurasa wa daftari. Aliisoma polepole, kisha akachukua kijiti, akachora shimo na dimbwi mavumbini. "Hapa umekosea," alisema. "Nafuu hairuhusu mpira ukaribie shimo kuliko ulivyokuwa. Hujaandika hivyo." Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimeliruka fungu zima la maneno nikidhani ni la ziada. Tulisahihisha pamoja, yeye akinipa kanuni na mimi nikimpa sarufi.

Aliikunja karatasi ile akaitia mfukoni. Aliniambia kwamba akimaliza kuvuna ndengu atarudi Nairobi kujaribu tena, na kwamba angependa kwenda na kanuni zote. Tangu marekebisho ya mwaka 2023, kanuni za gofu ni 25. Tuliyotafsiri ni sehemu ya kanuni moja tu. Anayetaka kushika moja kati ya 24 zilizosalia, na amwandikie mhariri.